Biskuti za Kunde na Ufunguo wa Wifi

Nyinyi majirani wenye vicheko vya karibu, leo chekeni mapema mmalize, maana nikishaanza sipendi kukatizwa. Nataka kuwaambia habari za nyumba yenye mlango wa bluu, ile ambayo wengi wenu mlikuwa mkiipita mkiziba pua na kusema, "Leo tena kunde." Mliosema mnajijua, sina haja ya kuwataja.

Nyumba hiyo ilikuwa na raha zake. Mume alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikuwa ya kukanyaga kwa miguu, imewekwa dirishani penye mwanga. Kila mtu alimwita Fundi, hata mkewe. Mke naye alikuwa akiendesha mashine ya kusaga nafaka mtaa wa pili, na kila alasiri alirudi nyumbani kope zimekuwa nyeupe kwa unga. Jumamosi, akishaoga, aliketi kwenye kigoda karibu na cherehani, akikata nyuzi zilizobaki kwenye mapindo, huku mumewe akikanyaga na wote wawili wakimsengenya mteja aliyeleta kitambaa cha sketi akataka ashonewe gauni. Watoto walikuwa hawajajaliwa, lakini ugomvi pia hawakuwa nao.

Juu ya meza, mkono wa kulia wa cherehani, palikuwa na kopo la bati la biskuti. Hilo kopo lishikeni vizuri, ndilo hadithi yenyewe. Fundi hakujua kushona bila biskuti. Akimaliza kola, mbili. Akimaliza mkono wa shati, mbili nyingine, na chai ya vijiko vinne vya sukari ya kuzisukumia. Aliyemjazia kopo lile kila wiki alikuwa dada yake mkubwa, mwokaji katika tanuri la mikate lililo nyuma ya soko. Wazazi wao walikufa mapema, na dada huyo ndiye aliyemlea. Alimbeba mgongoni hata pale yeye mwenyewe alipokuwa wa kubebwa.

Siku moja Fundi alijikwangua kidole kikubwa cha mguu wa kulia kwenye ukingo wa kikanyagio. Kidonda kidogo tu, cha kuwekea majivu na kusahau. Wiki ikapita, ya pili ikapita, kidonda hakifungi. Kiu haiishi, chooni haendi bali anahamia. Mkewe akamburuta hadi zahanati, na muuguzi akamtoboa kidole cha mkono, akaitazama mashine yake ya kupima sukari, akaitazama tena. Ilisoma kumi na tisa. Akampa vidonge, akamfundisha namna ya kukisafisha kidonda, kisha akamwambia neno moja ambalo mkewe alitoka nalo hadi barabarani.

"Mguu huu bado ni wako," muuguzi alisema. "Ukiendelea na hizo biskuti, utakuwa wetu."

Fundi alicheka, lakini njiani alikanyaga polepole mno. Mtu anayekula kwa miguu anajua mguu una thamani gani.

Wengine wangelia. Mke huyu hakulia, alikasirika. Alikasirikia sukari, akakasirikia kopo, akakasirikia hata birika. Fundi alipomwambia kwamba vidonge atameza lakini bila biskuti hawezi kushona, na asiposhona ni kama amekufa, mke alijibu kwamba kama ni biskuti basi biskuti atakula, hilo si jambo la kushinda watu wazima. Alimuuliza muuguzi kipi kinafaa na kwa kiasi gani. Kisha akachemsha kunde mpaka zikalainika, akaziponda, akachanganya na unga wa ngano isiyokobolewa aliousaga kwa mkono wake mwenyewe, karanga zilizotwangwa, ufuta, karoti iliyokunwa na mdalasini. Sukari hata chembe.

Za kwanza zilikuwa janga. Fundi aliigonga moja mezani, akauliza kama aile au ajengee ukuta. Za pili zilinuka kunde mbichi mpaka paka wa jirani akahama dirisha. Mke hakukata tamaa. Alizikaanga karanga kwanza, akaondoa maganda ya kunde moja moja baada ya kuziloweka, akaongeza chumvi kidogo ya kuamsha ladha. Za tano zikalika. Hazikuwa na utamu wa kufumba macho, sitawadanganya, lakini zilikuwa na harufu ya karanga na zilishibisha. Zilikuwa laini. Siku ya pili zilikunjika kama soli ya ndala, na siku ya nne zisipoliwa huota ukungu, ndiyo maana mke alioka Jumapili na Jumatano, kidogo kidogo, mbili kwa siku kama muuguzi alivyoruhusu.

Baada ya wiki sita mashine ya muuguzi ilisoma tisa. Kidonda kikaanza kuota nyama nyekundu safi. Naomba nisieleweke vibaya: sikusema kunde ni dawa. Vidonge alimeza, kidonda kilioshwa, na adui alifukuzwa mezani. Hayo yote pamoja.

Sasa ngojeni aingie dada mkubwa.

Alikuja na mfuko wake wa biskuti kama kawaida, akakuta kopo lina vitu vya rangi ya udongo. Akauliza ni nini. Alipoambiwa, alikaa chini. Ndugu zangu, mwelewe huyu mama kabla hamjamhukumu, hata mimi niliyemkasirikia inabidi nimwelewe. Yeye na mdogo wake walikua kwa kunde. Kunde asubuhi, kunde mchana, na siku mbaya maji ya kunde. Alikuwa ameapa kwamba akipata kazi, mdomo wa mtoto yule hautagusa kunde tena. Alipata kazi katika tanuri, akatimiza kiapo kwa miaka ishirini na minane, na sasa mke wa kuja anamrudisha kulekule.

"Ndugu yangu hakupona njaa utotoni ili aje afe njaa kwenye ndoa," alisema.

Mke alimweleza habari za mashine, za kidonda na za muuguzi. Maneno yaliingia sikio hili yakatokea lile. Siku hiyohiyo dada mkubwa alipita nyumba kwa nyumba akieleza kwamba mdogo wake analishwa chakula cha kuku, na ndiye aliyempa mke jina la Bi Kunde. Nanyi mkalidaka. Mlimwita Bi Kunde akiwa mashineni, mkamwita Bi Kunde akipanga foleni ya maji. Yeye aliinua kidevu akaitika. Alisema jina la tusi ni kama nguo ya mtumba, ukiifua na kuipiga pasi inakuwa yako.

Basi, wiki chache baadaye mambo yakabadilika, na yalibadilika kwa uzuri, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Fundi akaanza kuzisifu zile biskuti. Akamwambia mkewe kwamba safari hii amepatia. Kopo likawa linabaki tupu. Bi Kunde alifurahi, jamani, furaha ya mtu aliyechekwa halafu akashinda. Alipoombwa ya tatu akatoa ya tatu, na alipoombwa ya nne hakuwa na moyo wa kunyima, kwani si ni kunde tu. Alimpa kwa mkono wake mwenyewe, mlio wa cherehani ukimeza sauti nyingine zote, akimfuta makombo kidevuni.

Kiu ikarudi. Kidonda kikafunguka, kikawa cheusi pembeni. Fundi akasema ni uchovu, akasema ni joto, akasema kiatu kinabana. Siku aliyokubali kupelekwa, mashine ilisoma ishirini na moja, na hawakurudi nyumbani. Alilazwa. Siku ya tatu wakakikata kile kidole kikubwa, na daktari akasema wazi kwamba kidonda kikipanda tena, kitakachofuata si vidole bali mguu wenyewe.

Hapo ndipo ukoo ulipopata la kusema. Kunde zina gesi, wakasema, na gesi imepanda kwenye damu. Baba mdogo wa Fundi, karani mstaafu aliyependa kuendesha vikao kuliko kula, akatangaza kikao Jumapili alasiri barazani kwa dada mkubwa, siku ambayo Fundi angetoka hospitali. Bi Kunde ahudhurie ajieleze. Na mgonjwa, akasema, tangu siku hiyo atahamia kwa dada yake apate kulishwa vizuri.

Pimeni wenyewe uzito wa neno hilo. Mume anahamishwa, mke anaachwa na lawama, na mguu ulionusurika unapelekwa moja kwa moja kwenye mfuko wa sukari.

Alhamisi, Bi Kunde alirudi kutoka hospitali mchana, amechoka, hajala. Akachemsha chai ya rangi, akafungua kopo. Zilikuwa zimebaki tatu. Alikuwa ameoka Jumatano ya wiki iliyopita, maana yake zilikuwa na siku nane, akajua atakuta ukungu. Hakukuta. Akashangaa, akaichukua moja aikunje.

Ikakatika, kach.

Alisimama na vipande viwili mkononi. Biskuti zake hazijawahi kulia. Aligeuza kipande akatazama chini yake: kahawia inayong'aa, rangi ambayo sukari hutoa ikipata moto. Akalamba. Ladha ya mdalasini ilikuwepo, ufuta ulikuwepo, rangi ya udongo ilikuwepo, vyote vimeigizwa kwa ustadi wa mtu wa kazi. Chini ya vyote ulikuwa utamu wa kuuma meno. Naye hakuwahi kuonja za koponi, masikini, kwa sababu kila biskuti aliyooka alimwekea mgonjwa wake.

Nyumba ile ilikuwa na funguo mbili. Mmoja alikuwa nao Bi Kunde kiunoni. Wa pili alikuwa nao dada mkubwa, tangu siku ya harusi, kama mama wa bwana harusi.

Bi Kunde alivaa ndala, akaenda nyumbani kwa wifi yake. Dada mkubwa alikuwa tanurini bado, lakini kuku wake walikuwepo uani. Mnawakumbuka wale kuku, maana msimu ule mtaa mzima ulikuwa ukiwasifu: wanene, manyoya yanang'aa, mayai yenye viini vya rangi ya jua. Ndani ya chombo chao cha kulia palikuwa na vipande vikavu vyenye ukungu, na ndani ya vipande mna nyuzi za karoti. Kunde alizozimenya ganda moja moja zilikuwa zimenenepesha jogoo. Aliokota kipande kimoja, akakifunga kwenye pindo la kanga, akaondoka bila kumwambia mtu.

Nani hapa angeweza kunyamaza hadi Jumapili? Mimi nisingeweza.

Jumapili ilifika. Fundi aliletwa na gari la kukodi, akakalishwa kwenye kiti chenye mto, mguu umefungwa bandeji, uso umesinyaa. Dada mkubwa alikuwa ameshaweka sahani ya biskuti karibu yake, kwa ajili ya wageni eti. Baba mdogo akakohoa, akaeleza shauri kwa kirefu, akaeleza na gesi inavyosafiri mwilini. Kisha akamwambia Bi Kunde ajitetee.

Bi Kunde hakujitetea. Aliweka makopo mawili juu ya mkeka. La kwanza lilikuwa na biskuti alizooka juzi. Akaichukua moja akaikunja mbele yao, ikakunjika bila sauti, akampa baba mdogo ale. La pili lilikuwa lile la dirishani. Akachukua moja, akaivunja, na baraza zima likasikia. Akampa baba mdogo hiyo nayo.

"Ipi ni ya kunde?" akauliza.

Baba mdogo alikuwa mtu wa vikao lakini ulimi wake ulikuwa mkweli. Alitafuna ya pili, akasema hii ni tamu kama keki. Ndipo Bi Kunde alipofungua pindo la kanga, akaweka kile kipande chenye ukungu katikati ya mkeka, akaeleza alipokiokota. Hakupandisha sauti. Watu waligeuka kumtazama dada mkubwa, na kuku wakati huohuo walikuwa wakipita nyuma yake, wanene, hawana habari.

Dada mkubwa hakukana. Alisema alifanya kwa mapenzi. Alisema alikuwa akiingia saa nne, mke akiwa kazini na Fundi amepeleka nguo kwa wateja, anabadilisha na kuondoka, na kwamba mtoto wake alikuwa amekonda mashavu. Alisema hakujua, halafu akasema alijua kidogo, halafu akaanza kulia.

Ningependa kuwaambia yaliishia hapo. Lakini Bi Kunde alikuwa amegeuka, anamtazama mumewe. Mtu aliyekula biskuti hizo kwa wiki saba, mtu anayeweza kutofautisha uzi wa pamba na wa nailoni kwa vidole tu.

"Na wewe?" akamuuliza.

Fundi alitazama bandeji yake. "Nilijua tangu siku ya kwanza," alisema. "Nilinyamaza kwa sababu zilikuwa tamu."

Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na siku ile Bi Kunde aliona kwamba vazi lenyewe lilikuwa limeshirikiana na mdudu. Neno lile lilimuuma kuliko jina la utani, kuliko kikao, kuliko yote. Alikuwa amemlisha kwa mkono wake mtu aliyekuwa akimtazama usoni akijua. Machozi yalimtoka, na hakuyaficha.

Kisha akayafuta. Akamwambia baba mdogo kwamba kama ukoo unamtaka ndugu yao, uchukue kiti, mto na mguu, lakini mguu huo ukikatwa waje kumwambia wao wenyewe, uso kwa uso. Kama hawako tayari kulibeba hilo, basi wamwachie nyumba yake. 

Bi Kunde akanyoosha kiganja mbele ya wifi yake. "Ufunguo."

Dada mkubwa alisita. Watu walianza kunong'ona kwamba huo ni utovu wa adabu, kumnyang'anya ufunguo mama mlezi. Kiganja hakikuteremka. Mwishowe dada mkubwa alifungua fundo la leso yake, akauweka ufunguo pale. Bi Kunde akaufunga kiunoni pamoja na wake.

"Sikukatazi kumlisha ndugu yako, dada," alisema. "Njoo kwa mlango wa mbele, nikiwepo, tupike pamoja."

Fundi akajaribu kuinuka. Kila mtu alidhani anaenda kumwangukia mkewe au dadake. Hakumwangukia yeyote. Aliisukuma ile sahani ya biskuti kwa mkono wake mpaka ikavuka mkeka, akaegemea bega la mkewe, wakaondoka kwa hatua fupi fupi. Walikuwa wameumizana, lakini walifika.

Ilichukua miezi kidonda kufunga. Vidonge, kuosha, kupima, na biskuti mbili kwa siku, si tatu. Fundi alijifunza upya kukanyaga, akiegemeza kisigino, na mlio wa cherehani ukawa una kichechemeo chake. Mguu bado ni wake. Msamaha wa mkewe ulifuata polepole kuliko kidonda, na hiyo ni haki yake, asiharakishwe na mtu.

Dada mkubwa alikaa wiki tano bila kuonekana. Siku aliyokuja aligonga mlango wa mbele, mkononi ana bakuli la kunde zilizoloweshwa, ameshazimenya maganda zote. Bi Kunde alimsogezea kigoda. Tangu hapo yule mwokaji amemfundisha wifi yake namna ya kutuliza moto wa tanuri, na biskuti zimekuwa bora kuliko zamani. Waliopata hasara ni kuku.

Na ile aproni anayovaa Bi Kunde mashineni, mnayoitazama kwa pembe ya jicho? Mumewe ndiye aliyeishona, kazi yake ya kwanza baada ya kupona. Alimuuliza aandike nini kifuani, akidhani ataomba maua. Akaambiwa aandike BI KUNDE, kwa uzi mwekundu, herufi kubwa, isomeke kutoka ng'ambo ya barabara. Aliandika, na kila herufi aliipitisha sindano mara mbili.

FUNZO

Wapendwa, mapenzi yanayomficha mgonjwa ukweli si mapenzi, hata yakiwa yamelea na kubeba mgongoni. Ukimpenda mtu, uliza anachotakiwa kula, usimpe kile ulichokikosa wewe utotoni. Nawe mgonjwa, usimwachie mwenzako kazi ya kukuponya huku wewe unashirikiana na ugonjwa kwa siri. Ulimi wako ukikuambia ukweli, useme.

Na sisi tuliosimama kando tukicheka, tuna sehemu yetu kwenye kile kidole. Tulikidharau chakula kwa sababu maskini wanakila, tukakiheshimu kinachometameta kwenye karatasi. Kunde haijamtia mtu aibu. Ukiitwa kwa jina lake, itika, kisha rudi jikoni ukaoke nyingine.